Kabla ya kununua stata nyingine, pima!

Jamani, huu mtindo wa kubadilisha stata ya pikipiki kila inapogoma umenichosha. Sisi waandishi wa programu tunaujua: ni kuzima na kuwasha kompyuta bila kusoma hitilafu. Leo inakubali, kesho yale yale.

Mwambie fundi achukue mita. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikitulia, husoma kama 12.6. Kisha aweke ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, nawe ubonyeze stata. Ikizidi nusu volti, tatizo liko kwenye waya wa hasi: umelegea au umeota kutu. Hiyo ni kazi ya spana na msasa tu!

Fundi asiyepima anakisia, na anakisia kwa pesa zako.