MALI BILA DAFTARI



Wahenga wetu walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulio nyuma ya mizani twalikumbuka neno hili kila tufungapo hesabu. Walakini wengi hudhani kuwa ni neno la dukani tu, na kwamba mambo makubwa ya ulimwengu, kama vita na serikali, huendeshwa kwa upanga na kwa hotuba. Sivyo hata kidogo. Leo twapenda kumtaja afisa wa jeshi la Marekani ambaye hakupata jina kwa kuongoza mashambulio, bali kwa ghala na hesabu. Twamtaja ili tuonyeshe mambo mawili: kwamba jeshi lisilo na mtunza ghala mwaminifu haliendi popote, na kwamba uaminifu wa mtu mmoja, usipolindwa na sheria, hautoshi.

Jina lake ni Montgomery Meigs. Alizaliwa mwaka 1816 katika mji wa Augusta, jimbo la Georgia, akalelewa Philadelphia. Mwaka 1836 alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point, akawa mhandisi. Baadaye, akiwa na cheo cha kapteni, alipewa kazi ya kuleta maji safi katika mji mkuu wa Washington, na kusimamia upanuzi wa jengo la Bunge pamoja na kuba lake jipya. Katika njia ya maji yale alijenga daraja la mawe la Cabin John, lenye tao moja la futi 220, na kwa muda wa miaka 40 hivi halikuzidiwa na tao lolote la mawe duniani. Daraja hilo lingali linapitwa hata leo.

Basi penye ujenzi mkubwa pana fedha nyingi, na penye fedha nyingi hapakosi wenye njaa. Waziri wa Vita wa wakati ule, John B. Floyd, alitaka kazi na mikataba wapewe marafiki zake wa siasa. Meigs alikataa. Akashikilia kwamba fedha ya umma hununua kitu kizuri kwa bei ya haki, wala si fungu la kugawiwa wapambe. Ugomvi ukawa mkubwa hata Bunge likaandika katika sheria ya fedha ya mwaka 1860 kwamba fedha za mfereji wa maji zitumike chini ya usimamizi wa Meigs mwenyewe. Pamoja na hayo, Waziri alimwondoa na kumpeleka visiwa vya Dry Tortugas, mbali katika bahari ya Florida, visiwa ambavyo havina maji matamu ya kunywa. Mtu aliyeleta maji mjini alipelekwa kukaa penye kiu!

Lakini siku hazigandi. Desemba 1860 Floyd alijiuzulu huku kashfa ya fedha ikiizunguka wizara yake, na miezi michache baadaye alikuwa jemadari upande wa majimbo yaliyoasi. Meigs akarejeshwa mapema mwaka 1861. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza Aprili, na aliyekuwa mkuu wa ghala na uchukuzi wa jeshi, Joseph E. Johnston, akajiuzulu na kwenda kwa waasi. Mwezi wa Mei nafasi ile akapewa Meigs, naye akaishika hata mwaka 1882.

Ndugu zetu, tuipime kazi hiyo kwa mizani tuijuayo. Kanuni ya jeshi lile ilikuwa kumpa farasi mmoja kwa siku ratili 14 za majani makavu na ratili 12 za nafaka. Maana yake farasi 10,000 wahitaji ratili 260,000 kila siku, yaani zaidi ya frasila 7,000, na kesho yake tena vivyo hivyo. Hapo hujahesabu viatu, makoti, mahema, magari ya kukokotwa, meli, wala mbao za kujengea kambi. Jemadari Sherman alipofika pwani ya Savannah mwishoni mwa mwaka 1864, baada ya kukata nchi nzima ya Georgia, Meigs alikwenda mwenyewe Januari iliyofuata kusimamia kulivika na kulipatia vifaa jeshi lile. Katika vita vyote, fedha zilizopita katika idara yake zilizidi dola milioni 1,500.

Je, wizi haukuwapo? Ulikuwapo, tena mwingi. Mwanzo wa vita wako wafanya biashara waliouza nguo zilizofumwa kwa matambara yaliyosagwa, zikararuka mwilini mwa askari baada ya siku chache. Twasema haya kwa uchungu, kwani waliofanya hayo ni watu wa kazi yetu. Na hapa ndipo penye fundisho. Serikali ile haikutosheka na kusema, "Tunaye Meigs, mtu mwema." Tarehe 2 Juni 1862 ilitoka sheria kwamba kila mkataba uandikwe na kutiwa sahihi, na nakala yake ipelekwe kuwekwa katika wizara nyingine, si ile iliyonunua. Na Machi 1863 ikatoka sheria nyingine: aliyeidanganya serikali alipe hasara mara mbili na dola 2,000 juu yake, na raia aliyemshitaki apate nusu. Kwa ufupi, daftari lilitolewa mfukoni mwa mnunuzi, na raia akapewa ufunguo.

Labda atatokea msemaji aseme: kwa nini sheria zote hizo, ikiwa mkuu ni mwaminifu? Jawabu liko katika maisha ya Meigs huyo huyo. Ng'ambo ya mto mbele ya Washington palikuwa na shamba la Arlington, mali ya mke wa Jemadari Robert E. Lee. Lee alikuwa mkubwa wa Meigs kazini mwaka 1837, walipopima pamoja mto Mississippi. Sasa akiongoza jeshi la waasi, na Meigs akimwona mhaini. Shamba lile lilidaiwa kodi ya dola 92 na senti 7. Mwenyewe alipomtuma mtu kulipa, fedha zilikataliwa, ati ni lazima aje yeye. Na Januari 1864 serikali ikalinunua kwa dola 26,800. Mwezi wa Juni, kwa shauri la Meigs, likafanywa makaburi ya askari, naye akahimiza maiti wazikwe karibu kabisa na nyumba, kando ya bustani ya maua, ili isikalike tena.

Mwaka 1882 Mahkama Kuu ya Marekani iliamua, majaji 5 kwa 4, kwamba shamba lile lilichukuliwa kinyume cha sheria. Mwaka 1883 serikali ikamlipa mrithi dola 150,000. Tazameni: mkono ambao haukuiba senti moja ya umma ulisaidia kuishika mali ya mwingine, kwa sababu moyo ulikuwa na hasira. Mtu mwaminifu ni neema, lakini naye ni mtu.

Jengo lake la mwisho lilikuwa ofisi ya malipo ya askari wastaafu, Washington, la matofali zaidi ya milioni 15. Ukutani pamechongwa jeshi likipita, na Meigs aliagiza kwamba awemo dereva mweusi wa gari la mizigo, mtumwa aliyekombolewa na vita. Alifariki Januari 1892, akazikwa Arlington ile ile, karibu na mwanawe aliyeuawa vitani Oktoba 1864.

Kwa hiyo, ndugu mwanachama, ukiambiwa kwamba fulani ni mwaminifu, sema alhamdulillahi, kisha uliza daftari liko wapi, na nani mwingine ana nakala yake. Uliza hayo serikalini, na uliza hayo katika mfuko wa tawi lako mwenyewe. Mwaminifu hatachukia kuulizwa. Atakayechukia, basi jawabu umekwisha kulipata.