Mwanasoka asingoje goti livunjike ndipo asome

Wahenga walinena kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi. Hakuna kazi inayothibitisha usemi huu upesi kuliko kandanda. Mwalimu aweza kufundisha hata nywele zikageuka mvi, na seremala akaranda mbao hadi uzeeni. Lakini mwanasoka, hata awe hodari namna gani, hufikia miaka thelathini na kitu akaona vijana wanampita mbio. Siku hiyo swali linalomkabili ni moja tu: ana nini kingine mkononi?

Swali hili ndilo linalotufanya tumkumbuke Artur Jorge, Mreno aliyeaga dunia mnamo Februari 22, 2024, akiwa na umri wa miaka 78. Wengi wanamjua kuwa mkufunzi wa kwanza wa Ureno kutwaa Kombe la Klabu Bingwa barani Ulaya. Ni wachache wanaokumbuka njia aliyopitia hadi kufika hapo, na njia hiyo ndiyo yenye funzo kuliko kombe lenyewe.

Artur Jorge alizaliwa mjini Porto mwaka wa 1946, akaanza kucheza katika klabu ya mji huo. Angali kijana alijiunga na Académica, timu iliyofungamana na wanafunzi wa Coimbra, mji wa chuo kikuu kikongwe cha Ureno. Huko mpira na masomo vilikwenda sambamba. Huku akitafuta mabao, alikuwa akisomea taaluma ya lugha za Kijerumani. Baadaye alihamia Benfica ya Lisbon, akacheza bega kwa bega na Eusébio, yule gwiji aliyezaliwa Msumbiji. Hakufunikwa na kivuli cha gwiji huyo. Aliongoza kwa mabao katika ligi ya Ureno misimu miwili mfululizo, 1970-71 na 1971-72.

Mtu mwingine angeridhika na sifa hizo. Mabao yalikuwa yakimiminika na Benfica ilikuwa ikitwaa ubingwa. Hata hivyo, mnamo 1972, Ureno ikiwa ingali chini ya utawala wa kidikteta ulioangushwa miaka miwili baadaye, Artur Jorge alikuwa miongoni mwa wachezaji walioanzisha chama cha kutetea haki za wanasoka wa kulipwa. Yafaa tulitafakari jambo hili. Nyota wa klabu kubwa, ambaye hakuwa na dhiki ya binafsi, alijitokeza kutetea mchezaji wa timu ndogo ambaye hakuwa na wa kumsemea. Alikwisha kutambua kwamba mchezaji si mguu tu wa kupiga mpira. Ni mfanyakazi, na mfanyakazi ana kesho yake.

Siku zake za kucheza zilipokwisha, hakukimbilia kiti cha mkufunzi kwa kutembeza jina lake la zamani. Alirudi darasani. Alikwenda Leipzig, katika Ujerumani Mashariki ya wakati huo, kusomea sayansi ya michezo na ukufunzi. Aliporejea alikubali kuwa msaidizi wa José Maria Pedroto, mkufunzi aliyeheshimika sana, ambaye naye aliwahi kuwa mchezaji. Huyu alikuwa mtu mwenye shahada na mwenye mabao, lakini aliketi chini ya mwalimu akamsikiliza. Maradhi yalipomlemea Pedroto, FC Porto ilimkabidhi timu mwanafunzi wake mnamo 1984. Ubingwa wa ligi ulikuja mwaka uliofuata, na mwaka wa pili pia.

Kisha ikafika Mei 27, 1987, katika uwanja wa Prater mjini Vienna. Porto ilipambana na Bayern Munich bila Fernando Gomes, mfungaji wake mkuu, aliyekuwa amevunjika mguu. Wajerumani walitangulia kufunga kwa kichwa cha Ludwig Kögl. Wakati wa mapumziko Artur Jorge hakuwaongeza walinzi ili kuepuka aibu ya kufungwa mengi. Alimwingiza Juary, mshambulizi Mbrazili. Zikiwa zimesalia dakika kama kumi na tatu hivi, Rabah Madjer, mwana wa Algeria, aliugusa mpira kwa kisigino ukatulia wavuni. Dakika chache baadaye Madjer huyo huyo alipenya upande wa kushoto akampa Juary pasi, naye akafunga la pili. Porto ikatawazwa mabingwa wa Ulaya.

Kabla ya siku hiyo Ureno ilikuwa imelitwaa kombe hilo mara mbili, 1961 na 1962, kupitia Benfica, lakini mkufunzi alikuwa Béla Guttmann, mzalia wa Hungary. Artur Jorge alionyesha kwamba mwana wa nchi, akiwa amefunzwa akafunzika, aweza kufanya lile ambalo watu walizoea kumwagiza mgeni alifanye. Wakenya wanaokumbuka mwaka huo hawawezi kuusahau, kwani ndio mwaka ambao Gor Mahia ilishinda Kombe la Washindi barani Afrika, baada ya kutoka sare mara mbili na Espérance ya Tunisia na kuponea mabao ya ugenini.

Mwenye kubisha atauliza: je, elimu hiyo yote ilimkinga na kushindwa? La, haikumkinga, na tusingependa kumfanya malaika. Aliipa Paris Saint-Germain ubingwa wa Ufaransa mnamo 1994, akiwa na George Weah kikosini, lakini aliporudi Benfica kama mkufunzi mambo yalimwendea kombo. Akiwa na Uswisi katika fainali za Ulaya za 1996, alianza kwa sare na Uingereza, kisha akapoteza mechi mbili na kurudi nyumbani. Aliiongoza timu ya taifa lake, lakini Ureno ilikosa kufuzu kwa Kombe la Dunia la 1998. Barani mwetu aliifunza Cameroon. Mnamo Oktoba 2005, mjini Yaoundé, penalti iliyogonga mlingoti katika dakika za mwisho dhidi ya Misri iliwanyima Simba hao safari ya Ujerumani. Miezi michache baadaye, katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri, waliondolewa katika robo fainali na Ivory Coast kwa penalti 12 kwa 11.

Mpanda ngazi hushuka. Lakini tazama jambo moja. Kila aliposhindwa pahali pamoja, palikuwa na pengine pa kumhitaji. Alifanya kazi Ufaransa, Uswisi, Urusi, Saudi Arabia na Cameroon, na mnamo 2014, akikaribia umri wa miaka 70, aliitwa na MC Alger ya Algeria, nchi alikozaliwa yule Madjer wa kisigino. Hakuna klabu iliyomwajiri uzeeni kwa ajili ya mabao aliyoifungia Benfica miaka arobaini nyuma. Waliajiri maarifa. Mabao hubaki katika vitabu vya kumbukumbu. Maarifa husafiri na mwenyewe.

Hapa ndipo tunapowageukia wetu. Ni jambo la kusikitisha kwamba kijana mwenye kipawa cha soka hushangiliwa na watu wale wale ambao hawamuulizi amefika darasa la ngapi. Akiumia goti, shangwe huhamia kwa mwingine. Wengine hudhani kwamba aliyecheza vizuri lazima atafunza vizuri, wakamkabidhi timu pasipo maandalizi yoyote, na baada ya mechi tano wakamfukuza na kusema kwamba wenyeji hawawezi. Hiyo si haki. Huwezi kumnyima mtu jembe kisha ukamlaumu kwa kukosa mavuno.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, vilabu vipange mazoezi kwa namna itakayomruhusu mchezaji kuendelea na masomo, yawe ya shule, ya chuo au ya ufundi. Pili, wasimamizi wa kandanda wawatengee wachezaji walio bado uwanjani nafasi katika mafunzo ya ukufunzi, kwa ada ambayo mchezaji wa kawaida ataimudu. Tatu, mchezaji anayestaafu apewe muda wa kuwa msaidizi chini ya mkufunzi mwenye ujuzi kabla ya kubebeshwa mzigo wote peke yake, kama Artur Jorge alivyokaa chini ya Pedroto.

Na wachezaji wenyewe nao wasibweteke. Hakuna klabu itakayomlazimisha mtu kufungua kitabu. Artur Jorge alikuwa akisoma wakati ambapo watu walikuwa tayari wakimshangilia, na huo ndio wakati mgumu zaidi wa kukumbuka kwamba shangwe zina mwisho.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kila mwanasoka atarudi siku moja kwenye maisha ya kawaida, viatu vikiwa vimetundikwa. Heri atakayerudi akiwa na akiba kichwani.