Shingo ya Fulana na Kichwa cha Mtoto
Katika masomo ya ushonaji tumezoea kusahihisha shingo ya fulana kwa unyofu wa mshono. Twaona kipimo hicho hakitoshi. Kichwa cha mtoto wa miaka 6 hukaribia sentimita 51. Shingo iliyokatwa sentimita 40 sharti ivutike, la sivyo mama ataipasua. Basi mwanafunzi akate utepe kwa upande unaovutika, yapata sentimita 34, mbali na sehemu ya kuunganishia, auvute kidogo anaposhona, tena kwa zigizaga, kwani uzi wa mshono ulionyooka hukatika nguo ivaliwapo. Pasipo cherehani, sindano ya mkono na fulana kuukuu zatosha (na hesabu ya asilimia imo humo humo). Alama zitolewe nguo ikishapita kichwani.