Cheo kwa Mwenye Bunduki, Jela kwa Mwizi wa Kuku

Kwamba roho ya mja ni amana ya Mola wake, na kwamba mwenye kuitoa pasi na haki sharti asimamishwe mbele ya kadhi, ni jambo ambalo mama zetu walitufunza kabla hatujajua kusoma, wala sitapoteza wino kulithibitisha. Linalonikera ni desturi iliyoota mizizi katika nchi zenye vita, na hasa kwa ndugu zetu wa mashariki ya Kongo, ya kuwaita wauaji barazani, kuwatunuku vyeo na kuwabandika nyota mabegani, kisha biashara hiyo ikapewa jina tukufu la sulhu.

Mtazameni Bosco Ntaganda. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa waranti wa kumkamata mwaka 2006 kwa kuwatia watoto vitani. Mwaka 2009 akaingizwa katika jeshi la taifa kwa cheo cha jenerali, akakaa Goma mchana kweupe, akicheza tenisi na kula mikahawani, huku wakuu wakinena kwamba amani kwanza, haki baadaye. Amani gani hiyo? Mwaka 2012 aliasi, likazuka kundi la M23, na Novemba ya mwaka huo huo Goma ikatekwa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema wahenga. Lakini hapa aliyechelea hakulia, akalia mama wa Rutshuru aliyekimbia na mtoto mgongoni. Ntaganda alihukumiwa kifungo cha miaka 30 mwaka 2019, na asingehukumiwa lau hakwenda kwa miguu yake kujisalimisha katika ubalozi wa Marekani mjini Kigali, mwaka 2013.

Ama Gédéon Kyungu Mutanga, mbabe wa vita wa Katanga, aliyehukumiwa kifo mwaka 2009 kisha akatoroka gerezani, alipojitokeza mwaka 2016 alipokewa na wakubwa kwa shangwe kama bwana harusi. Na kijana aliyeiba kuku sokoni yumo mahabusu, hajui hata siku ya kesi yake! Mwenye nguvu mpishe ni neno la njiani. Likiingia mahakamani, hakuna mahakama tena.

Watanijibu wengine kwamba bila msamaha bunduki hazinyamazi. Enyi waungwana, mnatoa sadaka kwa mali ya nani? Hata katika kisasi cha sharia, mwenye kusamehe ni walii wa damu, yaani jamaa wa aliyeuawa, si waziri aliyelala salama hotelini, wala si mpatanishi aliyekuja juzi kwa ndege. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Ingekuwa ni binti zenu, msingetia saini.

Wala msidhani Wakongo hawana watu wa kuhukumu. Desemba 2017, huko Kavumu, Kivu Kusini, mahakama ya kijeshi iliyowafuata wananchi kwao ilimfunga maisha mbunge wa jimbo, Frederic Batumike, pamoja na wenziwe 10, kwa unajisi wa watoto wadogo, na ubunge wake haukumfaa kitu. Mahakimu hao nawapa heko, na wazazi wale waliostahimili kusikiliza hayo yote nawapa heshima iliyozidi.

Na kwa kuwa nimekwisha kuudhika, acheni niseme na hili la fidia. Mahakama huamuru alipwe aliyedhulumiwa, karatasi ikapigwa muhuri, na pesa zisionekane, ilhali yule aliyetoka msituni na kupewa cheo hula mshahara wa dola. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003. Watu wa Kisangani, ambao majeshi mawili ya kigeni yalipigana juu ya vichwa vyao siku sita mwezi wa Juni 2000, wana haki ya kujua kila dola imeingia mkononi mwa nani. Wenye daftari la pesa hizo na walifungue hadharani, walisome msikitini, kanisani na sokoni, senti kwa senti, wajane wakisikia.