Prado ya Petroli, Mlima wa Dizeli
Mwenye Prado ya petroli na gia za otomatiki anayeipandisha kila wiki kutoka Mombo hadi Lushoto, na kuendelea nayo mpaka Mtae, ipo siku ataulizia bei ya injini ya 1HZ ya kubadilishia. Namwelewa. Ni dizeli ya Toyota ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo, na pampu yake haisubiri amri ya kompyuta. Fundi wa Mlalo anaifungua kwa spana alizonazo. Ila wengi hupatana bei ya injini na giaboksi ya mkono tu, basi. Pedeli ya klachi je? Mauntini za kuchomelea, propela shafti ya kukata au kurefusha, tangi la kuosha petroli yote, bomba la kurudisha mafuta, springi za mbele (injini hiyo ni nzito mno): hapo kazi ya wiki hugeuka ya miezi. Namba ya injini nayo imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo TRA lazima wajue. Kama gari lako hulala Tanga mjini, acha. Lakini anayeteremka Soni wakati wa masika na magunia ya viazi nyuma, gia ya pili ya mkono ikilishika gari, huyo simwambii kitu.