Kichefuchefu Hakina Shahidi

Wahenga walipolonga kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, walimtwika mgonjwa lawama yote. Aliyeficha ni yeye na atakayeumbuka ni yeye. Methali hiyo haikumwazia mgonjwa asiyeficha lolote, aliyesema yote aliyoweza kwa lugha aliyokuwa nayo, na bado hakusikika. Mgonjwa wa aina hiyo yupo, na mahali pamoja pa kumwona ni katika safari za matibabu ya saratani baina ya Sondu na Kisumu.

Sondu ni mji wa soko ulio mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho, kando ya mto wenye jina hilo hilo. Siku ya soko Mjaluo, Mkipsigis na Mkisii huuziana ng'ombe, ndizi na omena, na aghalabu Kiswahili ndicho kinachokamilisha bei. Kiswahili hicho kimelegea ngeli, lakini hakuna ng'ombe aliyewahi kupotea kwa sababu ya upatanisho wa kisarufi. Ajabu ni kwamba mnenaji yule yule, hodari wa kupatana bei, apandapo matatu kupitia Katito na Ahero kwenda Kisumu kutiwa dawa ya saratani mshipani, ulimi wake huwa mzito. Atajibu "niko sawa" hata pale ambapo hayuko sawa kamwe.

Ukanda wa ziwa si mgeni wa dawa hizi. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi nchini Uganda, alieleza uvimbe wa mataya uliowasibu watoto wa Afrika Mashariki, na baadaye ikadhihirika kwamba uvimbe huo, unaoitwa limfoma ya Burkitt hadi leo, hunywea kwa dawa za kemikali. Hivyo vizazi kadhaa vya wazazi wa pwani ya ziwa vimekwisha kumshika mtoto kichwa huku akitapika. Kilichobadilika ni dawa za kuzuia hali hiyo.

Tibakemikali, au "kemo" kama wasemavyo wagonjwa wenyewe, haitapishi kwa kiwango kimoja. Sisplatini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, huwatapisha zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 ikiwa hawakupewa kinga. Dawa hiyo huyafanya matumbo yamwage kemikali iitwayo serotonini, nayo hupeleka habari ubongoni kupitia mishipa ya fahamu. Ondansetroni, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1990, huziba njia hiyo. Ndiyo maana hutolewa kabla ya chupa ya kemo kutundikwa. Lakini kuna wimbi la pili, linaloanza baada ya saa 24 na kuweza kuendelea hadi siku ya tano, ambalo njia zake ni nyingine na ondansetroni pekee haliwezi vyema. Mgonjwa wa Sondu hulikabili wimbi hilo akiwa nyumbani, mbali na muuguzi, akiwa na bahasha ndogo ya vidonge na maneno machache yaliyoandikwa juu yake.

Aidha, dawa hizi huzuia kutapika vizuri zaidi kuliko zinavyozuia kichefuchefu. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo kwa asiyeugua, ila kwa mgonjwa ndiyo kila kitu. Kutapika kuna mashahidi: beseni, mke, jirani. Kichefuchefu hakina shahidi. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei iwezayo kukionyesha. Mgonjwa aliyeulizwa "ulitapika?" akajibu "hapana" huandikwa kwamba alivumilia dawa vyema, ilhali alishinda siku nne akiukimbia moshi wa jikoni na harufu ya omena, asiweze kumeza hata uji. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu dawa ya olanzapini, wagonjwa 380 waliombwa wataje wenyewe ukali wa kichefuchefu chao. Waliosema hawakukihisi katika siku ya kwanza walikuwa asilimia 74 kwa waliopewa dawa hiyo na asilimia 45 kwa wasiopewa. Katika siku zilizofuata walikuwa 42 na 25. Sayansi yote hiyo ilisimama juu ya kauli ya mgonjwa.

Basi na kauli hiyo itazamwe. Kiswahili si maskini hapa. Kina kichefuchefu na kigegezi, kina kuchafukwa na moyo, kina kinyaa, kiungulia na kizunguzungu, kina kutapika na kina kukokomoka. Kila moja lina mahali pake. Hata hivyo, maneno mengi ya orodha hiyo hayajafika Sondu, na yaliyofika hufika yakiwa na mitego. Asemaye "moyo unanichafuka" anaweza kutafsiriwa kwa Kiingereza cha wodini kana kwamba anaugua moyo. Msemaji wa Dholuo ana neno chuny, ambalo ni ini na papo hapo ni moyo au roho. Akilihamisha kwa haraka, huenda akataja ini, na daktari akaagiza ini lipimwe. Mwanafunzi wa semantiki ajuaye kwamba Mswahili naye hukatwa maini bila kisu hatalishangaa jambo hilo. Ila mwanafunzi huyo hayupo wodini.

Mtego mkubwa zaidi umo katika jina la dawa yenyewe. Wengi huiita "dawa ya kutapika". Kihusishi hicho kidogo cha "-a" kina sura mbili. Dawa ya mbu huwafukuza mbu. Dawa ya usingizi huleta usingizi. Dawa ya malaria huondoa, dawa ya nguvu huongeza. Je, dawa ya kutapika huleta au huondoa? Kwa mzee aliyekulia mahali ambapo mganga wa miti shamba humtapisha mgonjwa ili kumtakasa tumbo, jibu la haraka ni kwamba huleta. Mzee huyo akiviacha vidonge bahashani kwa kuwa ametapika vya kutosha, nani atamwita mkaidi? Ameielewa sarufi barabara. Aliyekosea ni mwenye kuita.

Kisha kuna maagizo. "1x2" huandikwa na kusomwa kama hesabu. "Ikihitajika" humfanya mgonjwa angoje hadi kichefuchefu kifike, wakati ambapo katika siku hizo za mwanzo kidonge kingepaswa kutangulia. Mazoea ya kumeza dawa baada ya chakula humfanya asiyeweza kula asimeze pia, ijapokuwa ondansetroni humezwa hata kwa tumbo tupu. Ondansetroni hufunga choo, na mama wa makamo hatamwambia kijana wa kiume mwenye koti jeupe habari za choo chake asipofunguliwa mlango wa maneno ya staha. Metoklopramidi, ya bei nafuu na ya miaka mingi, mara nyingine huipinda shingo ya kijana na kuyageuza macho yake juu; jamaa wasioonywa watatafuta maelezo kwingine, na si hospitalini. Nayo olanzapini, ile ile iliyosifiwa na utafiti, ilitengenezwa kwa ajili ya maradhi ya akili, na karatasi yake husema hivyo. Mwana wa shule akimsomea mamaye karatasi hiyo, kidonge hugeuka dawa ya wazimu, na pengine mama atakitupa.

Upo mwao wa pingamizi usiopuuzika: kwamba mgonjwa wa Sondu aelezwe kwa Dholuo au Kikipsigis, lugha alizonyonya kwa mamaye. Ni kweli, na pale ambapo muuguzi anaijua lugha hiyo, aitumie. Lakini muuguzi huhamishwa, naye mgonjwa hubaki. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aarifiwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Kiswahili ndicho lugha ambayo muuguzi wa Kitui na mkulima wa Nyakach wote wawili wana kipande chake.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vimetumia wino mwingi kubishana kuhusu ngamizi na tarakilishi. Mjadala huo una utamu wake. Lakini mgonjwa hahitaji istilahi mpya. Ahitaji ya zamani zilizopangwa vyema na kujaribiwa sokoni kabla ya kuchapwa. Wanafunzi watano, mfamasia mmoja na alasiri chache za Sondu zingetosha kujua ni neno gani linaloeleweka na lipi linalopotosha. Kazi kama hiyo ingefaa kuwa tasnifu kuliko uchambuzi mwingine wa majina ya wahusika. Zao lake lingeenea juu ya bahasha, chini ya idadi ya vidonge iliyoandikwa na daktari:

"Dawa hii inazuia kichefuchefu na kutapika. Meza asubuhi na jioni, kesho, kesho kutwa na mtondo, hata kama moyo haujachafuka, hata kama hujala. Ukikosa choo, shingo ikijipinda, au moyo ukichafuka ingawa hutapiki, tuambie."