Poda Katika Karata

Mara hii ukurasa wetu unaingia fasi ambapo wengine watashangaa kuuona: kwenye mkeka wa karata. Mama mmoja wa hapa Kalundu ametuma swali. Vijana wake wawili, kila mwisho wa juma, wanachukua kikopo cha poda ya mtoto mchanga na kuimwaga juu ya karata ili ziteleze. Kikopo kinaisha kabla ya mwezi, na mtoto anakohoa. Anauliza: poda hii inasaidia kweli, ama ni kuharibu franga tu? Tena, haina hatari?

Najua kuna nyumba za waamini ambamo neno karata halitajwi hata kwa bahati mbaya. Ubishi huo siufungui leo. Baba anayecheza na watoto wakingojea ugali uive, hilo ni jambo moja. Karata inayokula malipo ya mwezi mzima wa kariere ni jambo lingine kabisa, nami nitalifikia, maana poda inaligusa.

Kwanza tujue sababu ya karata kushikana. Karata nzuri ni karatasi mbili zilizobandikwa pamoja kwa gundi nyeusi katikati, ili mwanga usipite na mwenzako asione ulichoshika. Juu yake wanapaka vernisi. Karata za Bicycle, zilizoanza Marekani mwaka 1885, zina vishimo vidogo sana usoni vinavyoshika hewa, na hewa hiyo ndiyo inafanya moja iteleze juu ya nyingine. Wabelgiji nao ni mafundi wa zamani wa kazi hii: katika mji wa Turnhout viwanda vitatu viliungana mwaka 1970 vikawa Cartamundi, nayo mwaka 2019 ikainunua kampuni ile ya Marekani inayotengeneza Bicycle. Lakini zile za bei ndogo tunazouziwa barabarani ni karatasi nyepesi na vernisi kidogo. Sasa uzilete hapa kando ya ziwa, wakati wa masika, ambapo hata chumvi inalia maji ndani ya kikombe. Karatasi inakunywa unyevu, inavimba pembeni. Ongeza jasho. Ongeza vidole vilivyotoka kula ndagala za kukaanga na mawese. Juma la pili, ukitaka kutoa karata moja zinatoka tatu, na ugomvi unaanza: “Umeficha!” Hakuficha mtu. Ni mafuta.

Basi, ndiyo mama, poda inasaidia kweli. Mafundi wa mazingaombwe huko Ulaya na Marekani wana poda yao maalum, na ndiyo inawawezesha kufungua karata 52 kwa mkono mmoja zikatandazika sawasawa kama upepeo. Poda hiyo inaitwa stearati ya zinki. Usiogope jina. Wewe unayepika sabuni unaijua nusu yake tayari. Ukichanganya mafuta ya mawese na soda kostiki unapata sabuni inayoyeyuka katika maji. Asidi ya mafuta ikiunganishwa na zinki badala ya soda, inatoka sabuni ya namna nyingine: unga mweupe, laini sana, unaokataa maji kabisa. Kwa sababu unakataa maji, haufanyi tope juu ya karata. Viwandani wanautumia pia ili mpira na plastiki visishike katika kalibu.

Na zinki yenyewe si kitu kigeni kwetu Wakongomani. Ndugu zetu wa Kipushi, kule Katanga, wamekaa juu ya mgodi wa zinki wenye utajiri ambao migodi michache duniani inaufikia. Walianza kuchimba mwaka 1924, kazi ikasimama mwaka 1993, ikaanza tena mwaka 2024. Kwa hiyo mchimbaji anayesoma ukurasa huu asifikiri tunaongea habari za mbali.

Hapa Kalundu poda ile ya mafundi hatuna. Watu wanatumia walicho nacho nyumbani, na hapo ndipo akili inahitajika. Unga wa muhogo, hapana! Huo ukipata unyevu unakuwa gundi. Ndio tunaobandikia matangazo ukutani. Wanga wa mahindi vilevile, unakunywa maji na kuita wadudu. Huko Zanzibar na Mombasa wacheza keram wananyunyizia ubao wao poda ya boriki ili kete zikimbie, lakini ile ni sumu ukiimeza, ndiyo watu wanaoulia mende. Isifike karibu na karata ambazo mtoto anaweza kutia mdomoni. Inabaki talki, ile ya vikopo vingi vya watoto. Talki ni jiwe, tena jiwe laini kuliko yote: vipande vyake ni bapa, vinateleza kimoja juu ya kingine. Kwa karata inafanya kazi vizuri.

Sasa kikohozi cha mtoto. Wewe ambaye bwana wako anaponda mawe ya dhahabu kule Misisi ama Kamituga, unajua vumbi linafanya nini kifuani. Humwambii mtu mara mbili. Lakini vumbi la poda, kwa sababu linanukia na ni jeupe, tunalihesabu kama usafi! Jiwe likisagwa ni vumbi la jiwe, hata likiwekwa katika kikopo chenye picha ya mtoto anayecheka. Miaka ya 1920 madaktari wa Marekani walitoa onyo kali, maana poda za watoto za siku hizo zilikuwa na ile stearati ya zinki. Mtoto alipewa kikopo achezee wakati wa kubadilishwa nepi, kifuniko kinafunguka, anavuta unga kwa pumzi moja. Unga unaokataa maji hausafishwi na makamasi. Unashuka, unaziba njia ndogo za mapafu. Watoto walikufa.

Talki nayo ina kesi yake. Katika ardhi mara nyingine inalala jirani na amiante, madini yanayoleta kansa. Mwezi wa 7 mwaka 2024 shirika la utafiti wa kansa la OMS, lenye makao Lyon, liliiweka talki katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinaleta kansa kwa mtu. Johnson & Johnson walikuwa wamekwisha kuacha talki katika poda yao ya watoto duniani kote mwaka 2023, wakaingia katika wanga wa mahindi. Lakini wenye kutengeneza poda ni wengi. Soma kikopo: kama kimeandikwa “talc”, ni jiwe lile. Sisemi kwamba mtu aliyepaka karata mara moja atakufa kwa kansa. Nasema chumba cha mita tatu kwa tatu, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu, vijana wawili wanapuliza poda na mtoto mchanga amelala pembeni, hapo hapana mchezo. Kikohozi hicho, mama, usikingojee kipone chenyewe. Mpeleke mtoto kituo cha afya.

Kama karata lazima zipakwe, zipakwe hivi. Vijana watoke nje, upepo ukiwa mgongoni, kitambaa mdomoni. Kwanza wapanguse kila karata kwa nguo kavu, maana poda juu ya mafuta inakuwa uchafu mtupu. Halafu wachukue sashe ya plastiki, watie poda kiasi cha chumvi ya sufuria moja ndogo, si zaidi, na karata kumi kumi. Wafunge sashe, watikise polepole, waache vumbi litulie kabla ya kufungua. Kisha wapanguse tena, mbele na nyuma, mpaka vidole visiwe vyeupe. Poda inayoonekana ni poda iliyozidi.

Nimesema nitarudi kwa wale wa kariere. Sikilizeni vizuri, maana mtu anaweza kuzunguka na ufundi huu toka kambi hadi kambi. Poda ikipakwa karata zote sawasawa, wachezaji wote wanapata faida moja. Lakini mjanja anaweza kuifanya karata moja tu iteleze, kwa poda ama kwa kusugua mshumaa na kung'arisha. Tuseme ni ile kubwa, rei. Kisha anakwambia kwa upole, “Kaka, kata wewe mwenyewe.” Wewe unafurahi kwamba umekata. Yeye akisukuma rundo kidogo kwa kidole gumba, linaachana palepale kwenye karata yenye utelezi. Wachezaji wa pesa huko Marekani wanaujua wizi huu siku nyingi. Kwa jicho huuoni. Pitisha kidole juu ya kila karata kabla ya mchezo. Ile isiyofanana na wenzake, iulize imepakwa nini. Na kama mwenye karata anakasirika ukizigusa, kunja franga zako, safiri na mshahara wako mzima mpaka kwa mama watoto. Kijana aliyepoteza gramu zake za dhahabu usiku mmoja hasimulii habari ya poda. Anasema alikuwa na bahati mbaya.

Watu wa pwani, rundo la karata wanaligawa kopa, uru, pau na shupaza, majina waliyoachiwa na Wareno, hata neno turufu. Sisi huku tumepokea ya Kifaransa. Naandika hili kwa sababu vijana wa Kalundu wanaosafiri kwa boti mpaka Kigoma hubishana bure ubaoni.

Basi mama, jibu lako: waambie vijana wanunue kikopo chao, wakiandike jina. Karata zilale ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, si chini ya mto. Na poda yote ya nyumba iwe juu ya kabati, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti.